Kuleta miamala ya M-Pesa na kadi kwenye BigQuery: njia nne, na ipi inamfaa nani

Duka la mtandaoni la Nairobi au Mombasa kwa kawaida lina mapato yanayoingilia milango miwili. M-Pesa inaingia kwenye Paybill au Till kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu za nje, na kadi zinapitia Paystack, Pesapal, Flutterwave au lango jingine la malipo. Kila upande una dashibodi yake na takwimu zake. Siku utakapotaka kujua bidhaa ipi inakuachia faida baada ya makato, au kama wateja wa M-Pesa hurudi kununua zaidi kuliko wa kadi, dashibodi hizo hazitakusaidia, kwa sababu hakuna hata moja inayomjua mwenzake. Lazima miamala yote ikae mahali pamoja.

Mahali penyewe katika makala haya ni BigQuery, ghala la data la Google. Nimelichukua kwa sababu bei yake inawafaa wadogo: kila mwezi hutozwi kwa GiB 10 za kwanza za hifadhi wala kwa TiB 1 ya kwanza ya data inayosomwa na maswali yako. Piga hesabu. Duka lenye malipo 500 kwa siku, kila rekodi ikiwa na ukubwa wa kilobaiti moja hivi, linakusanya kama MB 180 kwa mwaka. Hizo GiB 10 zitakutosha miaka zaidi ya 50. Kwa hiyo ghala lenyewe si gharama. Jasho na pesa vinakwenda kwenye njia ya kuifikisha data huko, na hapo ndipo watu hukosea kuchagua.

Wengi huanza kwa kuuliza njia ipi ina kasi. Kwangu hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni hili: njia hii inaniletea tukio, au inaniletea pesa? Tukio ni kwamba mteja fulani amelipa shilingi 1,500 saa mbili usiku. Pesa ni habari nyingine: lango limekata kiasi gani, kilichobaki kimeingia benki siku gani, na ndani yake kimetolewa kiasi gani cha kumrudishia mteja wa juzi. Dashibodi nyingi nzuri zimejengwa juu ya matukio, halafu mwisho wa mwezi mhasibu anazikataa kwa sababu hazifanani na taarifa ya benki. Mhasibu ana haki.

| Njia | Inaleta nini | Inachelewa kiasi gani | Mzigo uko wapi |
|---|---|---|---|
| Kupakua faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) | Pesa, pamoja na makato | Siku hadi wiki | Muda wa mtu |
| Webhuku na kipokezi chako | Tukio tu | Sekunde | Kujenga na kulinda |
| Kuvuta kwa API (mlango ambao programu huombea data) kila usiku | Tukio na pesa, kwa upande wa kadi | Saa kadhaa | Kuandika msimbo |
| Kiunganishi cha kununua | Alichoamua mtengenezaji | Dakika hadi saa | Ada ya kila mwezi |

Faili la CSV linadharauliwa bila sababu. Tovuti ya M-Pesa ya wafanyabiashara inakupa taarifa yenye namba ya stakabadhi, muda wa kukamilika, kiasi kilichoingia, kilichotoka na salio baada ya kila muamala. Makato ya Safaricom, kama ni wewe unayeyabeba, yanakuja humo kama mistari inayojitegemea. Taarifa kama hiyo huipati kwenye majibu ya papo hapo ya Daraja hata ungefanya nini. Kwa duka dogo, kulipakua faili kila Jumatatu, kulibandika kwenye Google Sheets na kuiacha BigQuery ilisome jedwali hilo moja kwa moja ni mpango kamili, na haugharimu kitu.

Ubaya wake ni mkono wa mtu. Mistari ya juu ya faili ina jina la biashara na namba fupi (ya Paybill au Till) kabla ya vichwa vya safu, kwa hiyo ukisahau kuiruka, BigQuery italikataa faili au itayachukua maandishi hayo kama data. Lililo baya zaidi ni kulifungua kwenye Excel kabla ya kulipandisha. Excel ikiona 254712 na tarakimu sita nyuma yake, inaona namba kubwa ya hesabu, inaionyesha kama 2.54712E+11, na ukihifadhi tena kama CSV, zile tarakimu za mwisho zimekwenda. Namba za simu za wateja wako wengi zinakuwa zinafanana. Lipandishe faili lilivyoshuka, usiliguse.

Njia ya pili ndiyo inayopendwa na watengenezaji programu, nami nitakaa nayo kidogo kwa sababu ina mitego mingi. Webhuku ni ujumbe ambao lango linautuma lenyewe kwenye seva yako pale malipo yanapotokea. Wewe unaweka kipokezi kidogo, tuseme kwenye Cloud Run, huduma ya Google ya kuendeshea programu, kinaupokea ujumbe, kinaupitisha Pub/Sub, foleni ya ujumbe ya Google, na Pub/Sub inaweza kuuandika BigQuery yenyewe bila msimbo wa ziada. Kwa ukubwa wa duka la kawaida, gharama ya huduma zote tatu ni karibu sifuri.

Lakini malango hayatumi kwa namna moja. Paystack, isipopata kutoka kwako jibu la 200, yaani "nimepokea", hujaribu tena kila dakika 3 kwa mara 4 za kwanza, kisha kila saa kwa saa 72. Kila ujumbe wake una sahihi ya HMAC, alama inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri, kwenye kichwa cha x-paystack-signature, ambayo unaihakiki kwa ufunguo wako wa siri ukajua kweli umetoka kwao. Stripe, lango la kadi la ng'ambo, nayo hurudia hadi siku 3 na hutia sahihi vilevile. Pesapal ina tabia yake: ujumbe wake haubebi kiasi wala hali ya malipo, unakuletea kitambulisho cha oda tu, kisha ni juu yako kurudi kuuliza imekuwaje, kwa tokeni (kibali cha muda) inayokufa baada ya dakika 5.

Daraja ndiyo yenye mambo. Mteja anapopata ombi la kuweka PIN kwenye simu, lile ambalo kila mtu analiita STK, jibu linakuja kwenye anwani uliyoitaja wakati wa kutuma ombi. Jibu hilo halina sahihi. Yeyote atakayeijua anwani yako anaweza kukutumia malipo hewa yenye umbo sahihi kabisa, na kipokezi kisicho makini kitayaandika. Kwa hiyo weka neno refu la siri ndani ya anwani, zuia seva zisizo za Safaricom, na kabla ya kutoa mzigo wa thamani, uliza hali ya muamala kupitia Daraja yenyewe. Wala usiipe anwani hiyo jina lenye M-Pesa au Safaricom ndani yake. Nyaraka zao zinakataza, na kuna watu wamepoteza siku nzima wakitafuta kosa lisilokuwa kwenye msimbo wao.

Tena jibu la STK halirudishi namba ya oda uliyoiweka kwenye ombi. Linarudisha CheckoutRequestID, kitambulisho ambacho Daraja ililipa ombi lako. Usipoihifadhi wakati wa kutuma, pembeni mwa namba ya oda, utakuwa na ghala lililojaa malipo halali yasiyojulikana ni ya nani. Na malipo yakishindikana, ile sehemu yenye kiasi, stakabadhi na simu haiji kabisa, unabaki na msimbo wa matokeo tu: 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikupatikana au mteja hakujibu, 2001 PIN si sahihi. Watu huzitupa rekodi hizi. Mimi ningezitunza kuliko zote, kwa sababu ukiona 1037 zimepanda ghafla jioni, huenda hilo si tatizo la wateja wala la bei zako, ni mtandao au ni ombi lako kuchelewa kufika, na hakuna taarifa ya benki itakayokuambia hilo kamwe. Kwa M-Pesa, ndiyo faida kubwa ya webhuku: inakuonyesha malipo ambayo hayakutokea.

Mtego wa mwisho wa Daraja ni kujirudia. Kama umesajili anwani ya uthibitisho kwa ajili ya wanaolipa Paybill kwa mkono, malipo ya STK yanaweza kukufikia mara mbili, kama jibu la STK na kama uthibitisho wa kawaida. Stakabadhi ni ileile. Ukijumlisha bila kuangalia, mauzo yako yanapendeza mno. Hifadhi kila ujumbe ulivyokuja kwenye jedwali ghafi, kisha tengeneza jedwali safi kwa MERGE, amri ya kuunganisha majedwali, inayotumia namba ya stakabadhi kama ufunguo. Jedwali ghafi usilifute. Ndilo litakalokuokoa utakapogundua miezi miwili baadaye kwamba kuna sehemu hukuisoma.

Njia ya tatu, kuvuta kwa API, haina mvuto wa kusimulia, na kwa upande wa kadi naiona bora. Kila usiku programu fupi inaamka, inaliomba lango miamala ya siku mbili tatu zilizopita na kuipandisha BigQuery kwa mkupuo. Upandishaji wa mkupuo hautozwi. Paystack inakupa kila muamala pamoja na ada iliyokatwa, na ina orodha ya malipo yaliyopelekwa benki, ambapo kila moja unaweza kulifungua ukaona miamala iliyomo ndani yake. Hapo ndipo mhasibu anapotulia. Stripe inafanya kitu hichohicho kwa rekodi za salio, zenye kiasi, ada na kinachobaki vikiwa safu tatu tofauti. Na kwa kuwa unarudi nyuma siku kadhaa kila usiku, ujumbe uliopotea wakati seva yako imelala unajaza pengo lake wenyewe.

Kwa M-Pesa njia hii haijakamilika hivyo. Daraja ina huduma ya kuvuta miamala, ila inaangalia nyuma saa 48 tu. Inafaa kuziba mapengo ya webhuku. Haifai kuwa chanzo chako pekee. Seva ikizimika Ijumaa jioni na mtu akaiona Jumatatu asubuhi, sehemu ya mauzo ya wikendi utaitafuta kwenye CSV.

Njia ya nne ni kununua kiunganishi kinachohamisha data chenyewe: Fivetran, Airbyte na wenzao. Unaweka ufunguo wa API, unachagua BigQuery, na baada ya muda majedwali yanajitokeza yenyewe. Kwa kampuni iliyosajiliwa Marekani, Uingereza au Falme za Kiarabu inayotumia Stripe, hili ni jibu zuri na sioni haja ya kujisumbua na msimbo. Stripe wenyewe wana Data Pipeline, iliyoanza mwaka 2022 kwa kupeleka data Snowflake na Redshift, maghala mengine ya data. Ukiwa mtu wa BigQuery, hakikisha kwanza njia ya kufika huko kabla ya kulipia. Lakini Stripe haiwafungulii akaunti moja kwa moja wafanyabiashara waliosajiliwa Kenya au Tanzania, na orodha ndefu za viunganishi unazoonyeshwa na wauzaji zimejaa malango ya ng'ambo. Kabla ya kufurahia idadi yake, tafuta ndani ya orodha malango unayotumia wewe, halafu uangalie kila kiunganishi kinaleta majedwali gani. Kuleta miamala bila malipo ya benki ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu iliyo rahisi.

Bei nayo ina namna yake. Fivetran hutoza kwa idadi ya mistari iliyoguswa katika mwezi. Muamala mmoja wa kadi unaweza kugusa jedwali la malipo, la salio, la mteja na la ankara, kwa hiyo usikadirie kwa idadi ya mauzo. Airbyte ina toleo huria unaloliweka mwenyewe bila kulipa leseni, ila linataka mashine ya kuendeshea yenye kumbukumbu ya kutosha, GB 8 kwa raha, iwake muda wote, pamoja na mtu wa kuiangalia. Kwa duka moja, hiyo ni kufuga ng'ombe kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai.

Njia yoyote utakayochukua, mambo mawili yataiharibu data yako kimyakimya. La kwanza ni kiasi. Paystack na Stripe huandika kiasi kwa senti: 150000 maana yake ni shilingi 1,500 za Kenya. Flutterwave na Daraja huandika shilingi zenyewe. Ukiongeza sarafu za jirani inakuwa ngumu zaidi, kwani Stripe huichukulia faranga ya Rwanda na ya Burundi kama sarafu isiyo na senti, kwa hiyo huko hugawi kwa 100. Usiweke kanuni moja ya kugawa kwa kila kitu. Weka jedwali dogo la lango na sarafu, liamue lenyewe.

La pili ni saa. Daraja huandika muda wa muamala kama namba ndefu isiyo na ukanda wa saa, mfano 20240607214530, na ni saa za Afrika Mashariki. Paystack huandika kwa saa za UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Ukiipandisha ile namba ya Daraja ukaichukulia kuwa UTC, kisha dashibodi ikaongeza saa 3 ili kuonyesha saa za Nairobi, kila malipo ya baada ya saa tatu usiku yanahamia kesho yake. Ukiiacha ya Paystack katika UTC, malipo ya kati ya saa sita na saa tisa usiku yanarudi jana. Makosa haya hayapotezi hata senti moja katika jumla kuu, ndiyo maana hukaa muda mrefu bila kuonekana. Yanaharibu siku kwa siku, na hasa tarehe mosi, malipo yanapovuka mwezi. Kwa Daraja, igeuze namba kuwa maandishi, isome kwa PARSE_DATETIME yenye muundo '%Y%m%d%H%M%S', kisha itangaze wazi kuwa ni 'Africa/Nairobi' unapoifanya TIMESTAMP.

Kuhusu faragha nitakuwa mfupi, ingawa suala si dogo. Namba ya simu ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022. Kuificha kwa SHA-256, kanuni inayoigeuza namba kuwa herufi zisizosomeka, peke yake hakutoshi: namba za simu za mkononi za Kenya zinaanza na 7 au 1 na zina tarakimu 9 baada ya 254, yaani mchanganyiko usiozidi milioni 200, na kompyuta ya kawaida inaupitia wote kwa dakika chache. Tumia HMAC yenye ufunguo wa siri ndani ya kipokezi, kabla namba haijafika ghalani. Na uchague eneo la hifadhi siku ya kwanza, kwa sababu BigQuery haikuruhusu kulibadilisha baadaye bila kunakili data yote upya. Johannesburg imekuwepo kwenye orodha tangu mwaka 2024.

Sasa kuchagua. Kama wewe ndiye muuzaji, mhasibu na mpakiaji, na hakuna mtu wa kuandika msimbo, chukua CSV ya kila wiki na usimwonee haya mtu. Kama duka lina mtengenezaji programu hata wa muda, ningechanganya: webhuku kwa M-Pesa, kuvuta kila usiku kwa kadi, na CSV ya M-Pesa mara moja kwa mwezi kwa ajili ya makato. Mchanganyiko huo hauna uzuri wa kuchorwa kwenye ubao, lakini kila sehemu inaleta kile ambacho nyingine haina. Kampuni yenye Stripe na wateja wa nje inunue kiunganishi. Biashara ya Tanzania inayopokea kupitia Selcom au AzamPay ifuate mpango uleule wa duka lenye mtengenezaji programu, ikijua kwamba Daraja ni ya Kenya na M-Pesa ya Vodacom ina mfumo wake wa kuunganisha.

Shule na vyama vinavyokusanya ada kwa Paybill ni kundi la pekee. Tatizo lao haliko kwenye njia hata kidogo, liko kwenye namba ya akaunti ambayo mzazi anaiandika kwa mkono: mmoja anaandika namba ya mwanafunzi, mwingine jina, wa tatu anaandika ADA MUHULA WA 2. Kabla ya kufikiria ghala lolote, waombe Safaricom wawawashie uhakiki, ambao haujawashwa mpaka uombwe, ili malipo yenye namba isiyojulikana yakataliwe yakiwa bado kwenye simu ya mzazi.

Na kwa yeyote anayekaribia kulipia kiunganishi au kumlipa mtu amjengee, kuna jaribio moja la kufanya na data ya majaribio. Chukua kiasi kimoja kilichoingia benki kutoka kwa lango la kadi mwezi uliopita. Muombe muuzaji akuonyeshe, kwa swali moja la SQL (lugha ya kuuliza ghala la data), miamala yote iliyounda kiasi hicho, ada zake na marejesho yaliyotolewa humo, mpaka jumla ilingane na benki kwa senti. Akianza kukuonyesha grafu badala ya jumla hiyo, muulize jedwali la malipo ya benki liko wapi.